Esansi ya yule mama haikuwa na maji

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapisha barua ya msomaji aliyepanda boti kutoka Bukavu kwenda Idjwi Kusini, kisiwani katika Ziwa Kivu. Aliandika kwamba kabla hata boti haijaondoka, esansi, yaani petroli, ililowesha gunia lake la maharage, na kwamba mota ilizimika mara tatu njiani, mara ya mwisho upepo wa alasiri ukiwa umeshaamka. Jina la boti hakulitaja. Aliyemtaja, kwa mwavuli wake na mahali anapokaa karibu na ufukwe wa Muhanzi, ni mama kadafi, yaani muuza esansi wa barabarani, aliyetuuzia mafuta. Akaomba wauzaji wa namna hiyo wafukuzwe ufukweni kwa sababu wanachanganya esansi na maji.

Boti hiyo ni yangu, na esansi ya yule mama haikuwa na maji. Kosa lilikuwa kwenye tangi langu. Msomaji wenu hakuyatunga aliyoyaandika. Aliyasikia kinywani mwangu, siku ile tumesimama katikati ya ziwa na watu wananiuliza mafuta nimenunua kwa nani. Nilimtaja bila kufikiri mara mbili.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha fizikia na kemia miaka 31 katika sekondari moja ya hapa mjini, na kwa kuwa pensheni ya mwalimu huja kama mvua ya Julai, mimi na shemeji yangu tulichanga tukanunua boti ya mbao ya mita 11 na mota ya Yamaha ya nguvu 40. Shemeji ndiye nahodha. Mimi naandika majina ya abiria, nahesabu pesa, na kama wasemavyo vijana wa ufukweni, natoa mashauri ambayo hakuna aliyeyaomba.

Mwanzoni tulitumia yale matangi madogo ya kubeba mkononi, ya lita 24. Mwenye mota yeyote anayajua: juu ya kifuniko kuna kiskurubu kidogo cha kufungulia hewa. Ukisahau kukifungua, mota inakwenda dakika chache halafu inakata. Hata kijana wa miaka 12 anayechota maji ya kuosha boti atakupigia kelele, "Fungua hewa!" Mwaka jana tukaona tunachoka kubadilisha matangi njiani, tukamwomba fundi mmoja atufungie tangi kubwa la plastiki, lita 100, chini ya mbao za nyuma. Mdomo wa kujazia ukatokeza ubavuni, na kipumulio, yaani mpira mwembamba wa kuingiza na kutoa hewa, ukatokeza upande huohuo nje ya ubao. Mbao zikarudishwa juu, zikapigwa misumari, tukaweka magunia. Kile kiskurubu hatukukiona tena, na sisi wote, nahodha, kijana wetu msaidizi na mwalimu wa fizikia, tukasahau kwamba tangi linapumua.

Siku ya ile safari mlo wa boti ulianza vibaya. Pua ya boti ilikuwa imepandishwa mchangani ili abiria wasiloe, nyuma inaelea. Tangini mlikuwa na kama lita kumi za jana. Kijana akamimina bidoni la kwanza la lita 20 kwa faneli, likaingia kwa kusitasita. La pili likakoroma. La tatu lilipofika nusu tangi likacheua: kwanza povu, kisha esansi yenyewe ikaruka juu ya faneli, ikamlowesha mkono hadi kiwikoni, nyingine ikaishia kwenye lile gunia. Lita 60 tu, na tangi la lita 100 linakataa. Tukasema limejaa, labda fundi alitudanganya ukubwa. Tukafuta kwa kitambaa, tukaomba watu wasivute sigara, tukaondoka.

Baada ya nusu saa hivi mota ikaanza kukohoa, ikapoteza nguvu, ikanyamaza. Shemeji akavuta kamba mpaka jasho likamtoka. Tukakaa kama dakika kumi, akavuta tena, ikawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Baadaye ikafa tena. Ya tatu ndiyo aliyoieleza msomaji wenu: boti isiyo na mota haielekezi pua kwenye mawimbi, inageuka ubavu, na mawimbi ya Kivu ya alasiri hayana huruma na ubavu. Akina mama wakaanza wimbo. Kijana mmoja mwenye miwani akatangaza kwamba gesi ya ziwa ndiyo imeikaba mota. Hata katika hofu ile nilishindwa kunyamaza, nikamwambia metani ya Kivu ipo kweli lakini imeyeyuka katika maji ya chini sana, zaidi ya mita 200, na haipandi kuja kutafuta mota ya mtu. Akaniuliza, "Sasa ni nini, Mwalimu?"

Shemeji akajibu kwa niaba yangu: "Esansi iko na mayi."

Ndipo nilipomtaja yule mama.

Jioni tuliporudi shemeji alikwenda kumfokea mbele ya wateja wake. Mimi nilisimama nyuma yake, na kusimama kule kulikuwa sawa na kufoka. Yule mama hakupandisha sauti. Alichukua chupa mbili tupu za Fanta, za kioo, akajaza moja kutoka bidoni lake, akampa shemeji ya pili. "Hii yangu, na ile mutoe kwenye tangi yenu. Muweke fasi moja, zilale. Kesho asubui tuangalie." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, si ni wewe uliwafundisha batoto betu kwamba esansi na mayi haviunganake?"

Alikuwa sahihi kuliko mimi. Esansi ni nyepesi kuliko maji, hivyo maji yakiwemo hushuka chini ya chupa na kuacha mstari unaoonekana kama mstari wa rula. Asubuhi nilizinyanyua chupa zote mbili dhidi ya mwanga wa dirisha. Ya kwake ilikuwa safi. Ya kwetu ilikuwa na punje chache za uchafu, bila mstari. Ningemwamini palepale haya yangekwisha siku hiyo. Lakini nilijiambia labda maji yalishatumika yote, maneno ambayo kama mwanafunzi wangu angeyaandika kwenye mtihani ningempa sifuri.

Tukaenda kwa mafundi. Wa kwanza alifungua kabureta, akabadilisha buji (plagi) zote mbili, akachukua dola 40. Akaijaribu mota ufukweni ndani ya pipa la maji, ikanguruma vizuri kwa dakika tano. Ziwani ikakata. Wa pili akasema pampu ya mafuta imechoka, tukaweka mpya, dola 25 na usafiri. Akaijaribu kwenye pipa lilelile, dakika tano zilezile. Ziwani ikakata.

Kulikuwa na jambo jingine lililotupoteza zaidi, na ndilo ninalotaka wenye boti walisome polepole. Tuligundua kwamba tukijaza esansi nyingi mota inakufa mapema, baada ya dakika nane au kumi. Tukiwa na esansi kidogo ya jana inakwenda muda mrefu. Kila mtu aliyesikia hivyo alisema ushahidi umetimia: esansi mpya ndiyo mbaya, ya zamani ni nzuri, kwa hiyo kosa ni la muuzaji wa leo. Hata mimi niliona ni hoja isiyo na mwanya.

Hesabu inasema vingine. Chukua tangi la lita 100 lenye esansi lita 60, huku kipumulio kimeziba. Juu ya esansi kuna hewa lita 40. Mota ikinywa lita 8, na yetu ikikazwa hunywa kama lita 15 kwa saa, hewa ileile ya lita 40 sasa imetandazwa katika nafasi ya lita 48, na presha yake imepungua kwa moja ya sita. Kwa hewa ya Bukavu, mita 1,460 na zaidi juu ya bahari, moja ya sita hiyo ni sawa na kuiambia mota inyonye esansi kutoka kisima chenye kina cha karibu mita 2. Pampu ya mota ndogo ni kitambaa cha mpira kinachotikiswa na mapigo ya mota yenyewe. Haina kifua cha kazi hiyo. Hapo zimepita dakika 30 na kitu. Sasa lijaze tangi hilohilo hadi lita 90. Hewa iliyobaki ni lita 10. Mota ikinywa lita 2 tu presha imeshapungua kwa moja ya sita ileile, na dakika nane tu zimepita. Tangi lililojaa linakaba upesi kuliko tangi tupu, na esansi haihusiki hata kidogo. Na pipa la dakika tano ufukweni haliwezi kuonyesha ugonjwa unaohitaji dakika nane.

Hesabu hiyo niliifanya baadaye, nyuma ya daftari la abiria. Jibu lenyewe halikutoka kwenye hesabu.

Tulikwenda majaribio asubuhi moja bila abiria, ziwa limetulia kama mafuta kwenye sahani. Mota ikafa mahali pake pa kawaida. Shemeji akashika kile kibofu cha mpira cha kukamulia mafuta, kilicho katikati ya mpira wa kwenda motani, akaniita. Kilikuwa kimenywea, pande zake mbili zimegusana, kama embe lililonyonywa hadi kokwa. Mafundi wote wawili hawakukigusa mota ilipokufa, kwa sababu hawakuwahi kuwa nasi ziwani. Mimi nilikuwa na fimbo ya kupimia mafuta mkononi, nikainama kufungua kifuniko cha mdomo wa tangi ili nione kilichobaki. Nilipokizungusha nusu mzunguko kikalia *fyuuu*, na ukingo wa karatasi niliyoshika ukavutwa ndani. Chini ya mbao tangi likapiga *bum*: plastiki iliyokuwa imebonyea ilirudi mahali pake. Mkononi mwa shemeji kile kibofu kikavimba polepole, chenyewe, bila mtu kukikamua. Akavuta kamba mara moja. Ikawaka.

Niliketi juu ya mbao. Miaka 31, kila mwanzo wa mwaka wa masomo, nimezamisha bilauri kichwa chini ndani ya beseni la maji mbele ya darasa, na kuuliza kwa nini maji hayapandi ndani. Watoto hujibu kwa pamoja kwamba hewa imo, haina pa kutokea. Kisha nachukua kopo la maziwa lenye tundu moja nawauliza kwa nini maziwa yanatoka kwa kwikwi, na kwa nini mama zao hutoboa tundu la pili. Darasa zima hucheka, ni swali rahisi mno.

Tulirudi pwani kifuniko kikiwa wazi. Sijivunii hilo, na nitalirudia hapo chini. Tulipofika nilikizungusha kipua cha kipumulio kilichotokeza ubavuni, kile kidude cha plastiki chenye tundu linalotazama chini. Ndani hapakuwa na tundu. Palikuwa na udongo mwekundu, mlaini juu kama umelainishwa na kidole. Nikauchokoa kwa jino la uma, ukatoka kipande kizima cha urefu wa fundo la kidole, na kilipovunjika kikamwaga buibui. Walikuwa wadogo, wa kijani kibichi na kahawia, wamefungashwa mmoja juu ya mwingine, miguu imekunjwa. Mmoja alitikisa mguu. Ni kazi ya nyigu wa udongo: huchoma buibui asife ila asitembee, humpanga ndani ya tundu, hutaga yai juu yake, kisha huziba mlango ili mwanawe akitoka akute chakula kibichi. Boti yetu ilikaa ufukweni siku tisa mwezi Juni tukingoja ubao wa kubadilisha. Siku tisa zilimtosha. Fundi wetu hakuweka wavu kwenye tundu, na sisi hatukujua kwamba panahitaji wavu.

Ningependa kuishia hapo, maana nyigu ni mshitakiwa mzuri, hana wakili. Mota ilipona siku hiyohiyo. Lakini asubuhi iliyofuata kijana alimimina mafuta, na kwenye lita 60 tangi likacheua kama zamani.

Tukang'oa mbao. Kilichoonekana kilinitia aibu upya. Fundi alikuwa na mpira mrefu kuliko safari yake, na badala ya kuukata aliulaza. Ulitoka juu ya tangi, ukashuka hadi karibu na sakafu, ukafanya tumbo, kisha ukapanda ubavuni. Kila tangi lilipochafuka kwa mawimbi, esansi kidogo iliingia mpirani na kukaa kwenye lile tumbo, kama maji yanavyokaa kwenye bomba la chini ya sinki. Hewa ikitaka kutoka lazima kwanza iisukume esansi hiyo ipande. Niliuchomoa mpira pande zote mbili, nikaubeba ukiwa umelegea vilevile, nikaumiminia kikombe: ilitoka nusu kikombe. Nikapuliza kwa mdomo mpira ukiwa mtupu na umenyooka, ukapita. Napenda kusisitiza kupuliza, tena mpira ukiwa umeng'olewa na umekaushwa. Kunyonya esansi kwa mdomo ni njia ya haraka ya kuipeleka mapafuni. Jirani mmoja alitushauri twende kwa waziba matairi tupige upepo wa kompresa moja kwa moja tangini. Tangi la plastiki haliwezi upepo wa tairi, litapasuka, na mabaki ya mvuke wa esansi yatatafuta jiko la karibu.

Tukaukata mpira, tukaupandisha moja kwa moja bila tumbo, na juu kabisa tukaukunja kama shingo ya bata kabla haujatoka nje, ili wimbi likipiga ubavu maji yasiingie. Tuliweka mpira wa esansi hasa. Mpira wa kumwagilia bustani, ambao baadaye niliukuta kwenye boti ya mtu mwingine, unalainishwa na esansi mpaka kuta zake zinashikana, au unakakamaa na kupasuka.

Bado tangi likacheua, ila safari hii lilivumilia hadi karibu lita 70. Nilikuwa karibu kumrudia nyigu. Kijana wetu ndiye aliyeona, na namtaja kwa heshima ingawa hataki jina lake gazetini. Alisema, "Mwalimu, mbona tukijazia kule gatini, boti ikiwa majini yote, halicheui?" Kweli. Chukua chupa ya maji, ijaze zaidi ya nusu, ilaze, kisha inua kitako chake. Hewa yote inakimbilia kitakoni na mdomoni panabaki maji matupu. Tangi letu ni hivyohivyo: lina urefu wa mita moja na kimo cha sentimita 25, na mdomo na kipumulio vyote vimefungwa upande wa nyuma. Pua ya boti ikipanda mchangani nyuma inazama, esansi inafunika tundu la kipumulio, na theluthi ya tangi inabaki hewa iliyofungiwa mbele isiyo na mlango. Unamimina, unamimina, na esansi inarudi ilikotoka. Tuliligeuza tangi ili kipumulio kiwe upande wa mbele, ambao ndio unaokuwa juu boti ikiwa mchangani na pia ikikimbia, tukanunua mpira mrefu zaidi wa kujazia. Wasioweza kugeuza tangi waisukume boti ielee sawa kabla ya kumimina. Haigharimu kitu ila magoti kuloa.

Nimesema nitarudia kifuniko. Tulipojua kwamba hewa ndiyo inayokosekana, shemeji alitaka tuendelee tu na kifuniko wazi kikizibwa kwa kitambaa. Nimewaona wengine wamekitoboa kwa msumari wa moto. Ni dawa inayofanya kazi, na ndiyo sababu inapendwa. Mvua ikinyesha na wimbi likirusha maji, hapo ndipo tangi linapopata maji ya kweli, na muuzaji analaumiwa mara ya pili. Na mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Haupandi mbinguni. Unateremka kati ya mbao, unatambaa hadi sakafu ya boti na kukaa humo kama maji usiyoyaona, mahali ambapo abiria ameweka jiko lake lenye makaa ya jana au mvuvi wa sambaza amelaza taa yake. Kipumulio lazima kitokee nje ya ubavu, juu kuliko tangi, kitazame chini, na kiwe na wavu mwembamba wa shaba wa kumzuia nyigu. Boti moja pale Muhanzi kipumulio chake kinaishia chini ya benchi la abiria. Nimemwambia mwenyewe, akanijibu mwaka wa sita huu na hakijatokea kitu. Nyingine ilipakwa rangi nzuri ya bluu wakati wa sikukuu, na rangi ikaziba tundu. Hiyo tuliizibua kwa waya wa baiskeli mbele ya wenyewe, na nahodha akakiri kwamba tangu Pasaka alikuwa analaumu buji.

Kuna kitu kimoja ambacho si ugonjwa, nakitaja ili watu wasipoteze pesa. Ukijaza tangi hadi mdomoni alfajiri esansi ikiwa baridi, jua la saa sita litaivimbisha: lita 100 zikipata joto la nyuzi 10 zaidi huongezeka karibu lita moja, na lita hiyo itadondoka kupitia kipumulio ziwani. Acha nafasi ya lita tano.

Tangu boti ile ilipozama karibu na Kituku, Goma, tarehe 3 Oktoba 2024, ukaguzi ufukweni umekuwa wa kuhesabu vichwa na majile (jaketi za kuokolea), na sina ugomvi na hilo, kwani nami sasa siondoki bila majile. Ila mkaguzi akishahesabu, naomba apige goti dakika moja aulize kipumulio kiko wapi. Na mafundi wa mbao wanaofunga matangi, wengi wao mikono yao ni ya ajabu, wasiyafunike kwa misumari. Waweke ubao unaofunguka. Mimi nililipa dola 65 kwa mafundi wa mota kabla ya kulipa chochote kung'oa ubao mmoja.

Nilikwenda kwa yule mama na chupa zake mbili za Fanta, nimeziosha. Nikamweleza nyigu, tumbo la mpira, boti kuinama. Alisikiliza huku akimhudumia mtu wa pikipiki. Boti tatu zilizokuwa zikinunua kwake zilikuwa zimehamia ng'ambo ya barabara tangu barua ile ilipotoka. Niliposema nisamehe, akafunga bidoni, akasema, "Mwalimu, ulisema mbele ya batu. Rudia mbele ya batu."

Kwa hiyo naomba barua hii itokee ukurasa uleule ilipotokea ile ya kwanza. Tunanunua kwake tena, na chupa moja tumekubaliana ikae chini ya mwavuli wake kwa yeyote anayetaka kulaza esansi usiku mmoja kabla ya kulalamika. Na msomaji aliyeandika, sikulishika jina lake daftarini siku ile kwa sababu mkono wangu ulikuwa na mafuta: nauli yake na bei ya gunia la maharage nimezitenga. Aje Muhanzi asubuhi yoyote isipokuwa Jumapili, aulize boti ya Mwalimu.

Mwalimu mstaafu, mwenye boti
Nguba, Bukavu